Njia ya Makipa Hupitia Addis

Ukitoka Embu mjini na kupanda na barabara ya Manyatta kuelekea Kianjokoma, baridi inaongezeka kila baada ya kona chache, kahawa inaanza kupisha majani chai, na kiwanja kilicholala sawasawa kinakuwa kitu adimu. Huu ni mlima. Mashamba yamekaa kwa mteremko, na viwanja vya mpira pia. Goli moja liko juu, lingine liko chini, na timu hubadilishana pande wakati wa mapumziko ili kila mtu aonje mateso ya mwenzake. Kwa mpira wa aina hiyo, kipa ana kazi mbili. Kudaka ni ya pili. Ya kwanza ni kuufuata mpira ukishapita, kwa sababu ukipita goli la chini hausimami mpaka ukutane na shina la kahawa la mtu, na mwenye shamba hapendi watoto.

Na nani huwekwa golini? Si unajua. Mdogo wa mtu. Yule mnene. Yule amekuja likizo kutoka Nairobi na hakuna anayejua kama anaweza mpira. Mwenye mpira mwenyewe huchagua namba tisa, hata kama miguu yake ni kama ya meza. Golini mtu hupelekwa, hajipeleki.

Nenda baze yoyote Manyatta, Meru, ama hata Umoja, uulize Wakenya waliocheza mpira ng'ambo. Majina yatamwagika: Mariga na Inter Milan yake, Wanyama wa Celtic mpaka Tottenham, Olunga wa Japan na Qatar. Kisha uliza: na makipa? Hapo kutakuwa na kimya kidogo. Labda mmoja atamkumbuka Arnold Origi, aliyesimama langoni Lillestrøm, ligi kuu ya Norway, katika miaka ya 2010. Baada ya Origi, watu wataanza kuongea juu ya mambo mengine.

Kimya hicho kinadanganya. Makipa wa Afrika Mashariki wamesafiri, tena sana. Ni vile tu sisi tumezoea kuangalia upande mmoja wa ramani, kule ndege za Ulaya zinakoelekea, na wao wengi walipita upande mwingine.

Tuanze na siku nne za Julai 2019, jijini Cairo.

Tarehe 1, Kenya ilicheza na Senegal mechi ya mwisho ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Kipindi cha kwanza refa akatoa penalti. Aliyeweka mpira chini alikuwa Sadio Mané, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa ameshinda Ligi ya Mabingwa Ulaya na Liverpool. Golini, Patrick Matasi. Mané akapiga, Matasi akapangua. Mpaka mapumziko ilikuwa bado 0-0, na nchi nzima ikaanza kupiga hesabu za kufuzu. Kipindi cha pili Senegal wakafunga tatu, mawili yakiwa ya Mané, na moja kati ya hayo mawili likawa penalti nyingine ambayo safari hii ilimpita Matasi. Kenya ikarudi nyumbani. Ndiyo maana hakuna anayeisimulia ile ya kwanza. Penalti iliyodakwa kwenye mechi ya kupigwa 3-0 haina mwenyewe.

Tarehe 5, raundi ya 16 bora, Senegal hao hao wakakutana na Uganda. Mané alifunga mapema, dakika ya 15. Kipindi cha pili akatoroka tena, kipa akamwangusha, kadi ya njano, penalti. Kipa aliyemwangusha ndiye aliyetakiwa kuidaka, na akaidaka. Jina lake Denis Onyango. Uganda ikatoka kwa 1-0, ikiwa imevuka makundi kwa mara ya kwanza tangu 1978.

Mchezaji mmoja wa dunia, penalti mbili, ndani ya siku nne, zote zikafia kwa makipa wa Afrika Mashariki. Lakini kinachonivutia si hicho. Ni kwamba wote wawili walikuwa na klabu moja kwenye historia yao, na klabu hiyo haiko London wala Brussels. Ni Saint George ya Addis Ababa. Matasi alikuwa akiichezea wakati huo huo, baada ya kuondoka Tusker mwaka 2018. Onyango alikuwa amepita hapo miaka kumi na minne mapema, akiwa kijana wa miaka 20.

Saint George iliundwa 1935, ndiyo klabu yenye mataji mengi zaidi ya ligi Ethiopia, na kwa namna fulani imekuwa stendi ya makipa wetu. Ivo Mapunda, Mtanzania ambaye Wakenya walimjua vizuri baadaye akiwa Gor Mahia, alipita huko. Robert Odongkara wa Uganda alikaa huko miaka mingi, mpaka watu wakazoea kuona jina la Kiganda golini mwa mabingwa wa Ethiopia. Mabeki wetu na viungo wetu wameenda huko kwa uchache. Makipa, karibu kama wamepewa anwani.

Kwa nini? Sina jibu moja, lakini jibu kubwa nadhani ni la hesabu, na hesabu yenyewe ni chungu kwa yeyote aliyevaa glavu.

Timu inaanza na wachezaji kumi na mmoja. Straika akishindwa kuwa namba tisa anaweza kusukumwa pembeni, kiungo anaweza kurudishwa nyuma, beki wa kulia anaweza kuhamia kushoto mtu akiumia. Kipa ana nafasi moja na nafasi hiyo haibadilishwi ovyo. Kocha akimpata wa kumwamini, anaweza kumwacha hapo msimu mzima, hata misimu mitano. Wengine wawili wanafanya mazoezi, wanapasha misuli moto, wanakaa. Sasa weka juu yake sheria ya wageni. Ligi Kuu ya Afrika Kusini inaruhusu klabu wachezaji wa kigeni watano. Fikiria wewe ndiwe kocha, una nafasi tano za kutumia kutafuta magoli. Utampa moja kijana wa Embu mwenye mikono mizuri, wakati makipa wa nyumbani wapo na ni bei nafuu?

Kuna nchi hazikutaka hata kulifikiria. Misri hairuhusu kipa wa kigeni kwenye ligi yake. Saudi Arabia nayo ilikuwa na marufuku kama hiyo mpaka 2017. Sababu yao inaeleweka: klabu zikijaza wageni golini, timu ya taifa itamtoa wapi kipa? Kichekesho ni kwamba Saudi walipofungua mlango, kati ya wa kwanza kuupita alikuwa Essam El-Hadary, Mmisri aliyekuwa na miaka 44, aliyejiunga na Al-Taawoun. Yaani kipa ambaye kwao wageni wa kazi yake wamefungiwa nje, akaenda kuwa mgeni kwa jirani. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 45, akadaka penalti kwenye Kombe la Dunia, na waliyemdakia walikuwa Saudi Arabia.

Kwa hivyo kipa wa huku anapotafuta kazi nje, milango mikubwa ya Kaskazini mwa Afrika inaweza kuwa imefungwa kisheria, ile ya Ulaya imefungwa na viza pamoja na dharau, na inayobaki ni ile ambayo mtu anaweza kuifikia bila kuvuka bahari. Addis ni safari ya saa mbili hivi kwa ndege kutoka Nairobi. Dar ni basi la siku moja. Faruk Shikhalo alitoka Bandari ya Mombasa mwaka 2019 akaenda Yanga. Ian Otieno alienda Zambia, Zesco United. Hakuna aliyewasindikiza uwanja wa ndege na kamera.

Na jambo hili si la kizazi cha leo tu. James Siang'a, aliyekuwa kipa wa Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa la 1972 kule Cameroon, aliacha alama yake kubwa zaidi Tanzania, tena akiwa ameshavua glavu. Ndiye aliyekuwa kocha wa Simba mwaka 2003 walipowatoa Zamalek, mabingwa wa Afrika wakati huo, kwenye ardhi ya Misri kwa penalti, langoni akiwa Juma Kaseja. Watu wa Dar bado wanaitaja ile mechi kama ya jana. Huku Kenya, mtaje Siang'a kwa kijana wa miaka ishirini na mitatu uone kama atajua ni nani. Kipa Mkenya, akiwa kocha, akishinda mechi iliyoamuliwa na kipa Mtanzania. Ningependa kujua aliwaambia nini kabla ya ile mikwaju, lakini Siang'a alifariki mwaka 2016.

Sasa nirudi kwa Onyango, maana yeye ndiye aliyeifuata hii njia mpaka mwisho wake.

Kwanza tuseme ukweli: Wakenya wengi walidhani ni wetu. Jina Onyango likisomwa kwenye orodha ya Sundowns, mtu wa Kisumu anakaa vizuri kwenye kiti. Si wetu. Alizaliwa Kampala tarehe 15 Mei 1985, akachezea SC Villa, akaenda Addis 2005, na mwaka uliofuata akateremka mpaka Afrika Kusini, SuperSport United ya Pretoria.

Hapo ndipo hadithi nyingi za mafanikio huruka miaka. Wanasema alifika Afrika Kusini, halafu wanasema akawa kipa bora. Katikati ya hizo sentensi mbili kuna karibu miaka minane. SuperSport walichukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2008, 2009 na 2010, na Onyango alikuwa klabuni, lakini si mtu ambaye kocha angesema bila yeye hatuchezi. Mwaka 2010 akaenda Mpumalanga Black Aces, klabu ndogo. Mwaka 2011 Mamelodi Sundowns wakamchukua, akakuta kipa mwingine, Wayne Sandilands, ameshika namba. Wakamkopesha Bidvest Wits. Akarudi. Mwaka 2013 Sundowns wakasajili kipa mwingine wa kigeni: Kennedy Mweene, Mzambia aliyekuwa amebeba Kombe la Mataifa mwaka 2012, na ambaye licha ya kudaka alikuwa pia anapiga penalti.

Hebu tulia hapo kidogo. Nafasi za wageni ni tano. Klabu ikatumia mbili kwa nafasi moja ya uwanjani. Maana yake ni kwamba kila wiki, mmoja kati ya hawa wawili, kipa wa timu ya taifa kwao, shujaa kwa mamilioni ya watu Kampala au Lusaka, angekaa kwenye benchi akiwa amevaa koti na kutazama mwenzake akifanya kazi ambayo yeye pia aliacha nyumbani kwenda kuifanya. Na walikaa hivyo kwa miaka. Straika akiwekwa benchi wiki tatu, ajenti wake anapigia magazeti simu. Hawa wakawa majirani wa kabati la nguo.

Kisha ikaja 2016, mwaka ambao hata ulianza vibaya. Sundowns walitolewa na AS Vita Club ya Kinshasa kwenye hatua za mwanzo za Ligi ya Mabingwa Afrika. Walirudishwa kwenye mashindano baada ya CAF kuwaondoa Vita kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili. Timu iliyokuwa imeshatoka ikaenda mpaka fainali. Tarehe 15 Oktoba, Atteridgeville nje kidogo ya Pretoria, wakawapiga Zamalek 3-0. Wiki moja baadaye, Alexandria, kazi ikawa ya kipa: Zamalek walipata goli moja tu, na kombe likaondoka Misri kwa jumla ya 3-1. Katikati ya hayo, mwezi Septemba, Onyango alikuwa langoni Uganda ilipoifunga Comoros 1-0 pale Namboole na kufuzu Kombe la Mataifa baada ya miaka 38 ya kungoja.

Januari 2017, Abuja, CAF wakamtangaza mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza ndani ya bara. Aliwashinda Khama Billiat wa klabu yake mwenyewe na Rainford Kalaba wa TP Mazembe, mafundi wawili wa kupasia na kufunga. Kipa. Tuzo ile haikuwahi kwenda kwa kipa. Alikuwa na miaka 31, na hakuwa amechezea klabu ya Ulaya hata siku moja. Hajawahi mpaka leo.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ningependa ifike Manyatta. Si kwa sababu ya kusema Ulaya ni mbaya. Mshahara wa Ulaya hauna mjadala. Ni kwa sababu kijana wa huku anayependa kudaka anafundishwa, bila mtu kusema wazi, kwamba kuna njia moja ya kwenda ng'ambo, na kwamba njia hiyo huanzia kwa mtu wa Nairobi anayejiita ajenti, anayetaka pesa ya majaribio mbele. Njia ambayo makipa wetu wameipita kweli ni ya polepole na haina uchawi: klabu ya ligi ya nyumbani, timu ya taifa, simu kutoka Addis au Lusaka au Dar, miaka ya benchi, halafu labda, labda tu, Pretoria.

Hata hiyo hatua ya kwanza huku mlimani ni ngumu. Kinoru kule Meru kiliwekwa kwenye mpango wa viwanja vya CHAN ya 2018, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani, yaani dirisha hasa la kuonekana. Viwanja vikachelewa, Septemba 2017 CAF wakainyang'anya Kenya mashindano, Morocco wakapewa. Uwanja wa Moi hapa Embu ulipata kujengwa upya kwa sababu Madaraka Dei ya 2023 ilikuwa inakuja, si kwa sababu ligi ilikuwa inakuja. Majukwaa mazuri tunayo sasa. Mechi kubwa za kuyajaza bado tunazisubiri, na kipa hawezi kuonekana akipiga mazoezi peke yake.

Onyango alistaafu timu ya taifa Aprili 2021. Mwaka 2022 Sundowns wakamleta Ronwen Williams, kipa wa Afrika Kusini, na huyo si mtu wa kumwondoa golini kirahisi. Februari 2024 alidaka penalti nne kwenye mechi moja dhidi ya Cape Verde. Kwa hivyo mchezaji bora wa zamani wa Afrika akarudi pale alipoanzia, kwenye benchi, akiwa na karibu miaka arobaini. Angeweza kuondoka. Hakuondoka. Nimesikia watu wakisema alikuwa anakula mshahara wa bure. Wanaosema hivyo hawajawahi kujiandaa kila wiki kwa mechi ambayo wanajua hawatacheza.

Mwishoni mwa 2025 Uganda wakamrudisha kwa Kombe la Mataifa kule Morocco. Tarehe 30 Desemba, jijini Fez, mechi ya mwisho ya makundi, alianza dhidi ya Nigeria akiwa na miaka 40. Paul Onuachu akafunga, na kufika mapumziko Onyango alikuwa ameumia. Akaingia Salim Jamal Magoola, kipa mwingine wa njia ile ile, aliyepitia Al Hilal ya Omdurman kabla ya kwenda Richards Bay ya Afrika Kusini. Hakumaliza hata dakika kumi na tano. Alitoka nje ya eneo lake, mpira ukamgusa mkononi, kadi nyekundu.

Kocha akageuka kutazama benchi. Nafian Alionzi, kipa wa tatu, yule ambaye kwenye mashindano hupelekwa ili idadi itimie, akavua koti. Uganda walikuwa kumi uwanjani, wako nyuma, na Nigeria walikuwa na mpira wa adhabu karibu na eneo. Alionzi akakimbia mpaka golini, akaanza kupanga ukuta.